Kikohozi cha Alfajiri

Baba tulimzika mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza. Mwezi wa kwanza akaanza kukohoa tena.

Najua maneno haya yanavyosikika yakitoka kinywani mwa mtu wa Sumbawanga. Nikiwa ugenini nikitaja kwetu tu, watu hucheka huku wakisogeza viti, na hakosekani mjinga mmoja wa kuniomba nisimroge. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, utani huo umenichosha mpaka basi, na mtu aliyeniletea habari za mizimu nilikuwa namkatiza kabla hajamaliza. Kwa hiyo nasema tu nilichosikia. Alfajiri, mama akiwa amechuchumaa anapuliza moto, nje uani, upande wa rundo la kuni, mtu alikohoa mara mbili kisha akasafisha koo. Ndivyo baba alivyokuwa akifanya kila alfajiri kabla ya kuingia jikoni, ili mama ajue ni yeye.

Nilitoka na tochi. Uani palikuwa na umande na kuku wawili waliojikunyata. Nikarudi nikamwambia mama ni jirani.

"Jirani gani anakohoa kama mume wangu?" akaniuliza, akaendelea kupuliza moto. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hapakuwa na moshi.

Haikuwa kila siku. Ingekuwa kila siku labda tungezoea, kama watu wanavyozoea kelele za mashine. Kikohozi kilikuwa kinanyamaza, mama anaanza kupata usingizi, halafu tena. Akaacha kula. Kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Padre alisoma misa ya marehemu, jumuiya yetu ya Katandala ikasali rozari novena nzima, na bado. Mama alikuwa anataka kitu kimoja tu, na alikisema kwa kila aliyepita mpaka mimi nikawa naona aibu: baba apumzike. "Amechoka yule," alikuwa anasema. "Anazunguka na kifua chake kile kwenye baridi hii. Jamani, hakuna wa kumpumzisha?"

Jina ambalo hakuna aliyethubutu kumtajia lilikuwa la baba mdogo.

Baba mdogo ni mdogo wake baba, tumbo moja, ziwa moja. Miaka kadhaa kabla ya hapo, kitinda mimba wetu alishikwa na homa, akatokwa na vipele mwili mzima. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, mbali. Baba na mama walimbeba wakampeleka kwa mganga, njia ya Chala, wakakaa naye huko, na mganga akasema mtoto amechezewa na mtu wa damu yake. Alipowafia njiani wakimkimbiza hospitali, mtu alikuwa ameshatajwa. Baba alikwenda kwa mdogo wake na vijana wa mtaa, wakang'oa mlango, wakatoa vyombo nje. Hawakumpiga, nashukuru Mungu. Lakini baba mdogo alihama na mkewe na watoto mvua ikiwanyeshea, akaenda kuanza upya Mollo, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyetia mdomoni chakula cha nyumba yake. Siku ya mazishi ya baba alikuja na baiskeli, akasimama barabarani, ng'ambo ya watu, kofia mkononi. Tulipomaliza kufukia alikuwa ameshaondoka.

Mimi niliamini nini? Niliamini surua. Lakini nilikuwa binti wa nyumba ile, na kwenye nyumba ile neno hilo lilikuwa halitamkwi.

Sasa niwaeleze habari za Waturuki. Ilikuwa ile miaka serikali inauza kila kitu. Kinu cha shirika cha kusaga nafaka, kilichokuwa kimelala na popo wake, kilinunuliwa na tajiri wa mkoa mwingine, naye akaagiza mashine kutoka Uturuki, na mashine zikaja na mafundi wake. Malori yalikuwa yanapanda Ufipa kununua mahindi bila kumwomba mtu kibali, vibanda vya Katandala vimejaa mitumba na redio, kila mwenye mikono miwili anauza kitu. Katikati ya vurugu hiyo zikaja familia chache za watu wenye sharubu nzito, wakakaa kwenye nyumba za kinu, nyuma ya ukuta.

Hatukujua tuwaweke fungu gani. Majina yao yalikuwa ya Kiislamu, na msikitini waliwakaribisha kwa moyo mweupe; wakashukuru, hawakwenda. Wanawake wao walikaa na wanaume chumba kimoja, vichwa wazi, wakiimba. Mwezi wa Ramadhani walikula mchana, halafu mwezi mwingine wakafunga siku kumi na mbili bila kunywa maji matupu, wakimlilia mjukuu wa Mtume aliyeuawa akiwa na kiu. Waliposema wao ni Alevi, watoto wangu wa darasa la tano walicheka mpaka wakajikunja, maana walisikia walevi, na kusema kweli wanaume wao walikuwa hawaikatai glasi.

Mke wa fundi mkuu ndiye aliyekuja kwetu, akitafuta ulezi. Mama wa makamo, mnene, jino moja la dhahabu, na sauti ya kugombana hata anapokusalimia. Alichota punje kwenye gunia la mama, akatafuna, akatema uani, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mchanga mwingi. Bei ndogo." Mama akamjibu kwamba mchanga huo ni wa Ufipa, anapewa bure juu ya ulezi, ashukuru. Yule mama akacheka kwa nguvu hata kuku wakakimbia, na mama yangu, ambaye alikuwa hajacheka tangu mazishi, akacheka naye.

Basi wakashibana. Sijui walikuwa wanazungumza lugha gani. Yeye alimwita mama "abla", kwao ni dada mkubwa, na mama akamwita "mwenzangu". Kila alipofika mlangoni aliinama, akagusa mwimo kwa vidole, akavibusu, akapita juu ya kizingiti bila kukikanyaga. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba mlango unajua siri za nyumba, unatakiwa heshima. Siku ya jumuiya alikuja akakaa nasi kwenye mkeka, rozari yote, na tulipofika kwenye "saa ya kufa kwetu" akamuuliza mama maana yake. Alipoelewa, alilia kama mfiwa. Alikuwa na mtoto wa kiume kaburini, milimani kwao, na hapakuwa na ndugu aliyebaki kijijini wa kung'oa majani juu ya kaburi lake.

Mjini maneno yalikuwa yameshaanza. Mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni: eti ni kweli hawa watu kila Alhamisi jioni wanajifungia, wake kwa waume, wanazima mshumaa, halafu shughuli inaanza? Nilimuuliza shughuli gani, aitaje. Hakuitaja. Nikamwambia akalee watoto wa watu, aachane na vyumba vya watu. Lakini nilipomhadithia rafiki wa mama, nikidhani atacheka, alikaa chini kwenye kinu cha kutwangia kilichopinduliwa akashika mashavu.

"Mpaka huku?" akasema. Kisha akatueleza kwamba uvumi huo wa mshumaa uliwakuta babu zao, ukawatoa vijijini mwao, umechoma nyumba na watu ndani. Walifikiri wameuacha ng'ambo ya bahari. Mama alimtazama kwa muda mrefu, halafu akaenda kumpikia chai.

Ulipoingia mwezi wa pili, yule mama alikuja kutaka ulezi wa kukaanga. Walikuwa wana mfungo wao mwingine, mfupi. Mama alikaanga, akasaga mwenyewe kwenye jiwe, kwa kuwa unga wa mashine ulikuwa unamkera, akaenda nao nyumba za kinu asubuhi. Jioni nilimpitia huko nikitoka shuleni. Nilimkuta amesimama kwenye veranda, mgongo ukutani, uso umempauka.

Alikuwa amechungulia chumba cha mwisho. Chumba kitupu, mshumaa mmoja, na chini kwenye sinia unga wake wa ulezi umesawazishwa laini, hauna hata alama ya kidole. Mama yake mama, bibi yangu, akihofia kwamba marehemu anarudi, alikuwa anamwaga majivu mlangoni, akayasawazisha hivyohivyo, na kulipokucha akatazama ni mguu wa nani uliopita. Mama alikuwa mtoto mdogo alipouona mguu mmoja kwenye majivu yale. Hakuniambia kamwe ulikuwa wa nani.

"Mwenzangu," akamwambia yule mama, sauti haitoki vizuri, "unamtega nani?"

"Kutega?" Ilibidi nimwonyeshe kwa mikono, kama panya na mtego. Akakunja uso. "Hapana, abla! Simtegi. Namkaribisha."

Akatueleza. Kuna mgeni, wanamwita Hizir, mtu asiyekufa, anapita na farasi wa kijivu akiwatafuta walioshikwa na dhiki. Unamwachia unga. Akipita, anaweka alama, mkono au kwato, na nyumba hiyo inapata baraka mwaka mzima. Kwao watu wengi wamekufa vibaya, akasema, wasipokaribisha kitu chema, hicho kingine kitakuja chenyewe.

Mimi nilikuwa nasubiri mama aseme twende. Mama akakaa. Akafungua moyo wote: kikohozi, rundo la kuni, misa, novena. Hakumtaja baba mdogo. Rafiki yake alisikiliza mpaka mwisho, akampangusa pua kwa pindo la kanga kama mtoto, akasema kesho twende kwa Dede.

Dede maana yake babu. Alikuwa mzee mkavu, baba yake fundi mmojawapo, aliyeletwa Sumbawanga kwa sababu hakuna aliyetaka kumwacha peke yake kwao. Mchana alikaa kwenye jua la veranda na gambusi yake yenye shingo ndefu. Siku za Alhamisi yeye ndiye aliyekuwa akiongoza sala yao. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kuliko vijana wa mjini. Yule mama akatafsiri.

Alisema kwamba kwao marehemu haondoki kwa kuzikwa. Anabaki amesimama, kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza akasahauliwa hapo. Ili ashuke, lazima mtu wa nyumba yake asimame badala yake, miguu mitupu, kidole gumba cha mguu wa kulia juu ya cha kushoto, na watu wote waulizwe mara tatu kama wana neno naye. Wote wakisema wameridhika, anashuka. Mmoja tu akisema hajaridhika, shughuli inasimama, hata chakula hakiliwi.

"Kuna mtu mwenye neno na mumeo?" akauliza.

"Hakuna," mama akasema.

Nilimtazama mama. Alijua namtazama. Dede naye alijua, maana aliweka kikombe chini, akaanza kukaza nyuzi za gambusi yake bila kutusemesha tena.

"Yuko mmoja," nikasema.

Mama hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu kikohozi kikarudi, kikavu, kirefu kuliko siku zote, na kilipokwisha alikuja kitandani kwangu amejifunga kanga kifuani. "Nenda kamwite," akasema. "Lakini hatakuja."

Nilikwenda Mollo na Dede na mmoja wa mafundi kwenye pikapu ya kinu, mvua imeikata barabara, tukisukuma zaidi ya kupanda. Pande zote mbili watu walikuwa wanatengeneza matuta ya duara, wakifukia nyasi chini zioze, mashamba yote yamejaa vichuguu vibichi vya kutosha kumfukia mtu. Dede alinigusa mkono akauliza kama ni makaburi. Nikamwambia ni kilimo chetu. Aliendelea kuyatazama mpaka tulipofika.

Baba mdogo alikuwa amezeeka vibaya. Alitupa viti, akakaa mbali. Nilimweleza kilichotuleta, yote, nikiwa nimeinamisha macho, na alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alisema, "Karibuni chakula kwanza."

Ugali wa ulezi, maharage, samaki mkavu. Mkewe aliweka sahani mezani kisha akasimama mlangoni, na nikaelewa kwa nini anasimama: alikuwa anataka kuona. Jamani, mimi mwalimu, mimi mwenye surua yangu na vitabu vyangu, mkono wangu ulikataa. Niliuamuru uende, ukakataa. Dede, ambaye hakuwa amehadithiwa habari za chakula, alikuwa ameshanawa, ameshamega tonge kubwa bila aibu. Alikula, akalamba vidole, akasukuma sahani mbele akiomba tena.

Mke wa baba mdogo alitoka mbio kwenda jikoni, tukamsikia akilia huko nyuma ya masufuria. Mkono wangu ukakubali. Nilikula mpaka tumbo likaniuma.

"Huyu mzee ni nani?" baba mdogo akaniuliza tukiwa tunaondoka.

"Ni Mturuki wa kinuni. Wanasema watu wake wanazima mshumaa wakifanya uchafu."

"Wanazima?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Alhamisi nitakuja," akasema.

Alikuja na baiskeli ileile. Nyumba ya kinu ilikuwa na mikeka kutoka ukuta hadi ukuta, watu wamekaa duara, wake kwa waume, mshumaa katikati ingawa jua lilikuwa bado dirishani. Dede alikuwa amewaomba watu wake ruhusa ya kutuingiza, na wapo waliokataa kwanza. Siku alipowaomba nilisikia sauti zikipanda. Baadaye yule mama aliniambia kilichowalainisha: Dede aliwaambia kwamba swali si mali yao, ni mali ya wafu. Upande wetu walikuja majirani wachache wa jumuiya, na katekista, aliyeshika rozari mfukoni akidhani hatumwoni.

Mama alisimama mbele ya mshumaa, miguu mitupu, kidole juu ya kidole. Alikuwa amekonda hata nikaogopa ataanguka. Dede aliuliza, yule mama akatafsiri: huyu amesimama badala ya mumewe. Mumewe alikula nanyi, alilima nanyi, alikosana nanyi. Nani ana neno naye? Mmeridhika?

"Tumeridhika," tukasema.

Mara ya pili. "Tumeridhika."

Kwetu swali kama hilo ni heshima tu. Makaburini mtu anauliza kama kuna mwenye lolote na marehemu, watu wanaitikia yamekwisha, wanakwenda kula, na kila mtu anarudi nyumbani na lake moyoni. Nilidhani tunafanya hivyo. Mara ya tatu Dede alipouliza, tukaitikia, na sauti zilipotulia baba mdogo akasema peke yake, taratibu:

"Mimi sijaridhika."

Dede hakushangaa. Aliweka gambusi chini. Mwanamke aliyekuwa na sinia la nyama na mikate pale mlangoni aliligeuza akalirudisha nyuma. Ndivyo ilivyo desturi yao, na hawakuifanya kwa ukali, lakini mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Katekista alinong'ona, "Mzee, marehemu husamehewa." Baba mdogo hakumtazama.

"Yule amekufa, sina la kumuuliza," akasema. "Nakuuliza wewe, shemeji. Wewe ulikuwa na mtoto mapajani. Nilimuua?"

Hapo ndipo nilipoelewa mama alikuwa anaombwa nini. Nilikuwa nimedhani ni kumsafisha shemeji yake tu, neno moja, basi. Lakini mtoto yule akiwa hakurogwa, basi alikuwa mgonjwa. Na akiwa alikuwa mgonjwa, wakati wote ule waliokaa naye kwa mganga huku hospitali ipo, ni wao waliokaa naye. Kwa miaka yote hiyo baba mdogo alikuwa amebeba mzigo huo, ili wao wawili waweze kulala kitanda kimoja. Nilitaka kusimama niseme mama yangu aachwe, ni mgonjwa, turudi nyumbani. Yule rafiki yake alinishika goti akanikalisha.

Mama aliutazama mshumaa, kidole bado juu ya kidole. Jua liliondoka dirishani, ukabaki mwanga wa mshumaa peke yake.

"Alikuwa anaomba maji," mama akasema hatimaye. Hakuwa anasema na mtu. "Mganga alimkataza maji. Mwili wake ulikuwa moto, unaniunguza hapa, na mimi nikamwambia baba yake, tumpeleke kwa wazungu wa hospitali. Akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Na mimi nikanyamaza, shemeji. Mimi nina miguu, ningembeba. Hukumuua. Ilikuwa surua. Tulimchelewesha sisi."

Alipiga magoti palepale. Baba mdogo aliinuka akiwa analia kwa sauti kama mtoto, mzee mzima, akamshika mikono akamsimamisha tena kwenye nafasi yake.

"Simama, shemeji, umalizie," akasema. Kisha akageukia mshumaa. "Nimeridhika. Kaka, nenda. Nimeridhika."

Sinia likaletwa. Tulikula wote, kila mmoja fungu sawa, mpaka katekista. Halafu Dede akapiga gambusi, na wake kwa waume wakasimama wakazunguka mikono imepanda kama mbawa, bila kugusana, na mshumaa ulikuwa unawaka wakati wote. Nilitazama makusudi, ili kesho shuleni nimweleze yule mwalimu. Kesho yake sikuweza kumweleza kitu. Ningeanzia wapi?

Kikohozi kilikoma. Ungetegemea niishie hapo.

Wiki ilipita, mwezi ukapita. Mama alianza kula, mwili ukarudi. Lakini kila alfajiri nilimkuta jikoni ameacha kupuliza moto, amegeuza sikio upande wa rundo la kuni. Moto ukimzimikia, anauwasha tena, anageuza sikio. Siku moja nilimsindikiza kwa rafiki yake, na kabla hajakaa alisema, "Mwenzangu, mrudisheni."

Yule mama hakuelewa, au alijifanya.

"Nilisema apumzike, nilisema mwenyewe, najua. Lakini nyumba imenyamaza. Alikuwa anakuja. Hata kama anateseka, alikuwa anakuja." Akalia. "Mwambie Dede amrudishe, hata kukohoa mara moja."

Rafiki yake hakwenda kwa Dede. Alichukua shali yake, na kuanzia kesho yake alikuwa anakuja kwetu alfajiri, anabusu mwimo, anapita juu ya kizingiti, anakaa jikoni na mama mpaka kunakucha. Wakisaga ulezi, mmoja alisaga, mwingine akipembua. Walifanya hivyo mpaka mkataba wa mafundi ulipokwisha. Waliondoka kwenye baridi ya mwezi wa saba. Asubuhi ile waliposhikana barabarani, dereva alipiga honi mpaka akachoka, na mimi nikamwambia kama ana haraka aende kwa miguu.

Baadaye mwenye kinu alifilisika, popo wakarudi. Baba mdogo alikuja kwetu kila Krismasi, tukala kwake kila Pasaka. Kila mwezi wa pili mama alikaanga ulezi, akausawazisha kwenye sinia chumbani kwake, akafunga mlango. Asubuhi tulikwenda kutazama pamoja. Alama haikuwahi kuwepo hata mwaka mmoja, na mama hakuacha.

Sasa mama naye tumemzika. Arobaini yake ilipofika, nilipika kama inavyotakiwa, jumuiya ikaja, rozari ikasaliwa. Wapwa zangu walishangaa niliponyanyuka nikavua viatu, nikaweka kidole juu ya kidole katikati ya uani. Baba mdogo, haoni vizuri tena, aliuliza kuna nini; walipomweleza, akaomba ashikwe asimame.

Niliuliza mara tatu. Mama alikula nanyi, alilima nanyi, alikosana nanyi. Mmeridhika? Mara tatu wote wakaitikia, wengine kwa heshima tu, na sauti ya baba mdogo ikiwa juu ya zote. Nikashukuru, nikaanza kutafuta viatu.

"Bado," baba mdogo akasema, akigeuza uso mahali alipodhani nimesimama. "Na wewe, mwanangu? Nawe ulikula naye. Umeridhika?"

Nilimwambia chakula kinapoa, watu wale.

Hakunisukuma. Yeye anajua kwamba mtu hajibu mpaka awe tayari, maana mwenyewe alingoja miaka. Kila tukionana ananiuliza habari za afya, habari za nyumba, halafu ananyamaza kidogo, akiniachia nafasi, na mimi naongea habari za mvua.

Maana alfajiri, nikiwa bado kitandani, jiwe la kusagia linasikika jikoni. Linakwenda na kurudi, taratibu, kama mtu ambaye mikono imemchoka. Anasaga na kusaga, yule, kwenye baridi hii, na ni mimi tu niliyemsimamisha. Najua neno lenyewe, nimefundishwa, ni moja. Kila jioni najiambia kesho. Halafu naenda jikoni naondoa komeo mlangoni, asije akakuta pamefungwa.